Paul Eisler: Mhandisi Aliyejifunzia Umeme Kwenye Uchapaji

Mpelekee fundi wa Mtaa wa Aggrey simu ambayo kioo kimezima ghafla, halafu mwangalie anavyofanya kazi. Akishafungua mfuniko, mara nyingi atakwenda moja kwa moja kwenye fleksi, ule utepe mwembamba wa rangi ya asali unaounganisha kioo na bodi. Atauchomoa kwenye soketi yake, atausafisha, ataurudisha. Kioo kikiwaka unalipa na kuondoka. Kikigoma, unaambiwa fleksi imekatika ndani, leta hela ya mpya.

Sisi tunaosoma elektroniki tunazichora saketi hizi kwenye kompyuta kila wiki, na bado wengi wetu hatujawahi kujiuliza nani alikuja na akili ya kuchukua waya na kuugeuza kuwa kitu cha kuchapwa kama gazeti. Wapo wengi waliochangia. Ila jina linalotajwa zaidi vitabuni ni la Paul Eisler, na maisha yake yana mambo ambayo mwanafunzi yeyote, hata wa sheria au biashara, anatakiwa ayajue kabla hajatoka na shahada yake kwenda mtaani.

Eisler alizaliwa Vienna mwaka 1907, katika familia ya Kiyahudi. Wakati huo Vienna ulikuwa mmoja wa miji mikuu ya dola ya Austria na Hungaria. Alisoma uhandisi katika chuo cha ufundi cha mji huo na kuhitimu mwaka 1930. Sasa hapo ndipo wenzangu mtaelewa haraka, maana alihitimu wakati mbaya. Uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka tangu mwaka uliotangulia, ajira hakuna, na juu ya hilo chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa imeshamiri. Kijana ana shahada safi mkononi, na milango inafungwa kabla hajamaliza kujieleza.

Kazi aliyoipata ilikuwa Belgrade, Yugoslavia, chini ya kampuni ya His Master's Voice. Alitakiwa kuondoa makelele yaliyokuwa yanaharibu redio ndani ya treni, ili abiria wasikilize muziki safarini. Kiufundi kazi ilikwenda vizuri. Tatizo likaja kwenye malipo: upande wa wateja ulitaka kulipa kwa nafaka badala ya fedha, na mradi ukafa. Eisler akarudi Vienna mikono mitupu.

Kipindi hicho cha kubangaiza ndicho kilichomjenga, nikisema ukweli. Kwa kuwa uhandisi haukumpa ugali, aliingia kwenye uandishi. Aliandika magazetini, akaanzisha jarida la mambo ya redio lililoitwa Rundfunk. Ukiwa na jarida lazima uijue mitambo ya uchapaji. Akajifunza jinsi picha inavyohamishiwa kwenye bati, jinsi wino unavyoshika sehemu moja na kuiacha nyingine, jinsi asidi inavyokula chuma pale ambapo hakuna kinga. Mhandisi wa redio akawa mtu wa mitambo ya magazeti. Ukimuuliza mtu wa wakati ule, angekwambia jamaa ameshapotea njia.

Mwaka 1936 aliondoka Austria kwenda Uingereza. Hakuwa na kazi inayomngoja. Alichobeba ni hataza zake chache alizotarajia kuziuza, moja ikihusu kurekodi sauti kwa michoro na nyingine televisheni ya kuonyesha kina. Akapanga chumba Hampstead, London. Miaka miwili baadaye majeshi ya Hitler yaliingia Austria, kwa hiyo wale waliobaki nyuma, wakiwemo ndugu zake, walikuwa hatarini. Sehemu kubwa ya nguvu zake ilikwenda kwenye kutafuta namna ya kuwatoa.

Chumbani kule Hampstead ndiko alikoanza kulifanyia kazi wazo lake. Tuangalie kwanza redio ilivyokuwa inatengenezwa wakati ule. Ndani ya kasha kulikuwa na valvu, kapasita na vipingamizi, na kila kimoja kiliunganishwa na mwenzake kwa waya. Kila waya ulikatwa kwa mkono, ukamenywa ngozi ncha zote mbili, ukazungushwa kwenye mguu wa kifaa, halafu ukatiwa lehemu. Redio moja ilikuwa na maungio mengi sana ya namna hiyo. Fundi akichoka saa tisa mchana, ungio moja likabaki bovu, redio nzima inakoroma. Na kulipata ungio bovu katikati ya msitu ule wa waya ilikuwa kazi ya siku nzima.

Eisler aliutazama msitu ule kwa jicho la mchapaji. Kama ukurasa mzima wa gazeti unachapwa kwa mpigo mmoja, na nakala ya kumi elfu inafanana na ya kwanza, kwa nini waya zisichapwe? Njia yake ilikuwa hivi. Unachukua karatasi nyembamba ya shaba na kuigandisha juu ya ubao au shiti isiyopitisha umeme. Juu ya shaba unachapa mchoro wa njia zote kwa wino usioliwa na asidi. Unatumbukiza kwenye kemikali. Shaba isiyofunikwa inayeyuka, iliyofunikwa inabaki, na njia zote za umeme zinapatikana kwa pamoja. Aliyewahi kutumbukiza bodi yake kwenye kloridi ya feri kule maabara, akakaa anaitikisa beseni huku anaomba Mungu njia zisikatike, amefanya kitu kilekile.

Alipeleka wazo hilo kwenye kampuni ya Plessey, wakalikataa. Sababu waliyompa haikuhusu ubovu wa saketi. Walimweleza kwamba kazi ile tayari inafanywa na wasichana kiwandani, nao ni rahisi kuliko mashine na ni wepesi kubadilishwa kutoka kazi moja kwenda nyingine. Yaani teknolojia iliyokuja kubeba dunia nzima ilikataliwa kwa sababu mikono ya wanawake ilikuwa inalipwa kidogo. Mimi nikilisikia hili naona si la zamani. Pale ambapo jasho la mtu ni bei ya kutupa, hakuna anayehangaika kutafuta njia bora ya kufanya kazi.

Kwa muda alipata riziki kwenye majumba ya sinema ya Odeon akishughulikia mambo ya ufundi. Vita vilipopamba moto mwaka 1940, serikali ya Uingereza iliwakamata raia wengi wa nchi za adui waliokuwa nchini humo, hata wale waliomkimbia Hitler mwenyewe. Eisler akawekwa kizuizini. Aliachiwa mwaka 1941 na kupitia kwenye kikosi cha jeshi cha vibarua kilichopokea wakimbizi kama yeye. Alipotoka, alirudi kwenye saketi zake.

Mlango ukafunguka Camberwell, kusini mwa London, kwenye kampuni ya uchapaji ya Henderson and Spalding. Hawa hawakuwa watu wa redio kabisa, walikuwa wachapaji. Mkuu wao, Harold Vezey Strong, aliona kitu ambacho watu wa redio walishindwa kukiona. Kampuni ilikuwa na tawi lililokuwa limelala, jina lake Technograph, na wakalitumia kwa mradi wa Eisler. Mwaka 1942 alikamilisha redio yenye saketi iliyochapwa, na mpaka leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Science Museum, London. Mwaka 1943 aliomba hataza.

Hapa ndipo nataka msomaji apunguze mwendo kidogo. Eisler alisaini mkataba na Technograph bila kuusoma. Mkataba ulisema kwamba hataza za uvumbuzi wowote atakaoufanya akiwa kazini zitakuwa mali ya kampuni, naye atalipwa pauni moja kwa jina tu. Kwa haki niseme kwamba mikataba ya aina hiyo ilikuwa ya kawaida, na alipewa pia hisa asilimia 16.5 za Technograph. Lakini mtu akishakuwa na hisa chache katika kampuni inayomiliki wazo lake, hana tena kauli ya mwisho juu ya wazo hilo. Kampuni ndiyo iliyoamua nani auziwe leseni, nani ashtakiwe na lini. Yeye alibaki mfanyakazi mwenye jina kubwa.

Wakati huohuo vita vilikuwa vinaonyesha ng'ambo ya bahari kwamba saketi za kuchapwa zinawezekana. Wamarekani walihitaji kuweka redio ndogo ndani ya kichwa cha kombora la kutungulia ndege, ili lihisi likikaribia shabaha na kulipuka lenyewe. Kifaa hicho kilitakiwa kustahimili mshindo wa kutoka kwenye mtutu wa mzinga, na huko waya za kulehemu kwa mkono ni hadithi ya kuhuzunisha. Kwa baadhi ya vifaa hivyo walichapa wino wenye fedha juu ya vipande vya kauri. Njia yao ilikuwa tofauti na ya Eisler, ila wazo la kuchapa lilikuwa ndugu. Vita vilipokwisha, taasisi ya viwango ya Marekani ilichapisha mwaka 1947 maelezo ya mbinu mbalimbali za kuchapa saketi, viwanda vikaanza kuamka. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikavumbuliwa transista. Valvu kubwa yenye joto ikapata mrithi mdogo, na mrithi huyo alihitaji nyumba ndogo. Bodi ya kuchapwa ndiyo ikawa nyumba yake. Redio za transista zilizofika vijijini kwetu na kukaa kwenye baiskeli na mashambani ziliwezekana kwa ndoa hiyo.

Hataza za Eisler zilitolewa Uingereza mwaka 1950, na Technograph ikaanza kuwadai wanaotumia njia yake. Wengi hawakulipa. Marekani kesi kubwa ilikuwa dhidi ya kampuni ya Bendix, na mwaka 1963 mahakama ya shirikisho ilizitangaza hataza hizo kuwa batili. Mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo mwaka 1964. Hoja ilikuwa kwamba wazo lilishawahi kuonekana kwa wengine. Na kweli walikuwepo. Albert Hanson, Mjerumani, aliomba hataza mwaka 1903 ya njia bapa za chuma zilizogandishwa kwenye karatasi yenye nta. Charles Ducas wa Marekani alikuwa na yake mwaka 1925. Kwa hiyo tunaposema Eisler ni baba wa saketi za kuchapwa, tusimnyang'anye mtu mwingine chake. Alichofanya yeye ni kuchukua ufundi uliokwisha komaa kwenye uchapaji na kuuonyesha ulimwengu wa redio kwamba unaweza kutoa saketi nyingi, zinazofanana, kwa gharama ndogo. Mahakama za Marekani hazikuona kwamba hilo linatosha kwa hataza. Viwanda navyo viliendelea kuitumia njia hiyo kila siku.

Mwenyewe hakukaa kuisubiri hukumu. Alijiuzulu Technograph mwaka 1957 na kuanza kujitegemea. Mwaka 1959 alitoa kitabu cha kiufundi kuhusu saketi za kuchapwa, halafu akaendelea na kitu kilichomkaa moyoni, yaani karatasi ya chuma juu ya shiti laini. Kama njia za chuma zinaweza kupitisha ishara, zinaweza pia kutoa joto. Alibuni shiti za kupasha joto kuta na sakafu, za kupasha chakula, na za kuondoa ukungu kwenye kioo cha nyuma cha gari. Ile ya ukutani ilifanya kazi, ila gesi ya bei nafuu kutoka Bahari ya Kaskazini ikaja kupasha nyumba za Waingereza na soko likayeyuka. Kwa mara nyingine kitu chake kilishindwa na bei ya kitu kingine.

Shiti hizo laini ndizo zinazoturudisha kwenye fleksi ya simu. Fleksi ni wazo lilelile la karatasi ya shaba juu ya kihami, isipokuwa kihami chenyewe kinakunjika. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni kihami chembamba, laini, kinachovumilia joto la lehemu bila kuungua. Kilipatikana miaka ya 1960, kampuni ya DuPont ilipoleta sokoni utando wa poliimidi uitwao Kapton. Baada ya hapo kamera, saa na kompyuta ndogo ziliweza kukunjiwa saketi ndani kama barua kwenye bahasha.

Lakini kuchora saketi inayokunjika kuna adabu yake, na wengi wanaochora kwa mazoea ya bodi ngumu wanaumbuka. Kwanza ni mkunjo wenyewe. Shaba iliyo upande wa nje wa mkunjo inavutwa, ya ndani inabanwa, na katikati kuna mstari usiovutwa wala kubanwa. Mbunifu mzuri huiweka shaba karibu na mstari huo kwa kuifunika juu kwa utando wenye unene sawa na wa chini. Kanuni inayotumika sana kwa fleksi ya tabaka moja inayokunjwa mara moja tu wakati wa kuunganisha kifaa ni kwamba nusukipenyo cha mkunjo kisipungue mara 6 ya unene wake. Fleksi ya milimita 0.1 basi isikunjwe chini ya milimita 0.6. Kama itakunjwa na kukunjuliwa kila siku, kanuni hupanda mpaka karibu mara 100, yaani milimita 10.

Pili ni njia za shaba. Zipite mkunjoni zikiwa zimenyooka, zikikatiza mstari wa mkunjo kwa pembe mraba. Zikipinda ziwe na mviringo, kwa sababu kona kali ndipo ufa unapoanzia. Kama kuna njia juu na chini, zisilaliane. Zipishane, la sivyo mkunjo unakuwa mgumu kama ubao. Matundu ya kuunganisha tabaka yasikae kabisa sehemu inayokunjwa. Shaba nayo inachaguliwa: iliyofinyangwa kwa rola huvumilia kukunjwa kuliko ile iliyooteshwa kwa umeme.

Tatu ni ncha. Pale fleksi inapoingia kwenye soketi hugandishwa kipande kigumu kwa nyuma, ili iwe na unene ambao soketi inautaka na isipinde pale inaposhikwa. Mpaka kati ya sehemu ngumu na laini ndipo fleksi nyingi hufia. Fundi wa Aggrey anayekukanya usivute utepe kwa kucha anaijua elimu hii bila kupita kwenye lekcha hata moja.

Eisler aliandika habari za maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1989. Chama cha wahandisi wa umeme cha Uingereza kilimtunuku nishani ya fedha ya Nuffield. Alifariki London mwaka 1992, akiwa na miaka 85. Utajiri unaolingana na alichokianzisha hakuupata.

Nimeiandika habari hii muda huu kwa makusudi. Wapo wenzetu wa mwaka wa mwisho ambao miradi yao imeanza kutazamwa na watu wa nje. Leo mtu anakuja kwenye maonyesho ya chuo, anasifia bodi yako, kesho anakutumia karatasi ya kusaini, na wewe boom limeisha tangu wiki iliyopita. Laki tano mezani inaonekana mlima. Soma karatasi hiyo mpaka mwisho. Angalia kinachosema kuhusu umiliki, si malipo peke yake. Kama una kitu kipya kweli, ombi la hataza kwa Tanzania Bara linapelekwa BRELA, na ujue kwamba kukionyesha hadharani kabla ya kuomba kunaweza kukupotezea sifa ya upya. Usipoielewa lugha ya mkataba, wana wa sheria wapo humuhumu chuoni. Mnunulie mmoja chai akusomee.

Na kwa wale ambao ajira haijaonekana na wameishia kufanya kazi isiyofanana na shahada zao, iwe stationari, saluni au kuuza simu, naomba mumkumbuke mhandisi aliyekosa kazi ya redio akaenda kuhangaika na magazeti. Waliobaki kwenye viwanda vya redio waliziona waya zilezile kila siku. Aliyeona kwamba zinaweza kuchapwa ni yule aliyekuwa amekwenda kuchafua mikono kwa wino.